Niliambiwa Nisiingie Zizini

Nimekosa. Naanza na hilo, maana nimelizungukazunguka miaka mingi na sasa nimechoka. Nilimkosea mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye pekee niliyekuwa naye duniani. Jina langu niachieni. Na majina nitakayoyataja humu nimeyabadili, wenyewe watajijua.

Mimi ni mzaliwa wa Gongoni, Tabora mjini, mtoto wa fundi viatu. Niliolewa na mtu wa upande wa Ziba, dereva wa lori la pamba. Ile miaka ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa akaniambia, "Twende kwetu tukajiandikishe, tusije tukakosa kiwanja." Nikafunga khanga zangu nikamfuata. Akajenga nyumba, akanikabidhi, akarudi kwenye lori lake. Akija analala siku moja, anakula, anaondoka. Nilikuwa mke wa kusikiliza honi!

Kijiji chenyewe kilikuwa kimepimwa kwa kamba, nyumba safu kwa safu kama wanafunzi kwenye gwaride. Kila mtu alikuwa ametolewa kwenye kaya yake ya zamani akaletwa pale, na kila mtu alikuwa na simanzi yake. Wakikaa pamoja wanazungumza Kinyamwezi, mimi nimesimama katikati kama nguzo. Watoto sikujaliwa. Jioni nikishafunga mlango, sauti iliyobaki mle ndani ni ya sufuria.

Aliyenitoa kwenye upweke ule ni jirani wa ng'ambo ya njia, mjane wa makamo yaliyokwisha pita. Tulimwita Mayu Kabula, yaani mama yake Kabula. Huyo Kabula, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Nzega. Asubuhi moja bibi akavuka njia, mkononi kigae cha chungu, juu yake kaa la moto.

"Mwangaluka," akanisalimia kwa Kinyamwezi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Naona moshi kwako hautoki. Moto mtu hawashi peke yake."

Toka siku ile kila asubuhi ama yeye analeta kaa kwangu, ama mimi nachukua kwake. Viberiti tulikuwa navyo! Lakini nani alitaka kiberiti? Alinifundisha Kinyamwezi cha kuombea maji, na nikikosea anacheka machozi yanamtoka. Wallahi, mama yangu mzazi hakunicheka kwa upendo namna ile.

Basi likaja agizo kwamba kila nyumba iwe na bustani ya mboga uani. Jamani, uani kwangu! Ulikuwa udongo wa mbuga, mfinyanzi mweusi. Mvua ikinyesha unashika miguu mpaka unaacha ndala humo. Jua likiwaka unapasuka nyufa, kifaranga akitumbukia humpati tena. Nilipanda mchicha ukaota wa njano, ukasimama, ukafa. Nyanya hata kuota hazikutaka.

Nikajitia ujuzi. Nikawaza, udongo huu ni mzito, dawa yake si mchanga? Nikabeba mchanga wa korongoni kwa debe mpaka shingo ikawa haigeuki. Nikaumwaga uani, na kwa vile ardhi ilikuwa imelowa nikaingia kwa miguu, nikaukanyaga uchanganyike vizuri.

Jua lilipopiga wiki ile, jembe likadunda!

Mayu Kabula akaja kutazama. Akagonga kwa fimbo yake, ko, ko, halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, umefyatua tofali. Bado kuezeka tu uhamie!"

Nilinuna, kisha nikacheka naye. Akanieleza pale pale, amekaa juu ya tofali langu. Mbuga hailimwi ikiwa imelowa, wala ikiwa imekauka. Unaivizia katikati, ikikubali kuvunjika mkononi. Unainyanyua matuta maji yapate pa kwenda. Halafu unailisha. Ile ina njaa, alisema, haina ubaya. Ilishe majivu, pumba za mpunga, majani makavu, na zaidi ya vyote samadi iliyooza sana.

Majivu nilikuwa nayo. Pumba nikaokota. Samadi ndiyo ikawa kizungumkuti. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa malisho ya mbali, na samadi kidogo ya pale ilikwenda kwenye shamba la kijiji. Nikamlilia Mayu Kabula. Akachora chini kwa fimbo.

"Kule kwenye kaya yetu ya zamani kuna jaa, nje ya uzio," akasema. "Tumemwaga majivu na taka hapo miaka yote. Kachote upendavyo. Zizini usiingie."

Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia, ndugu yangu. Sikuuliza kwa sababu nilikwisha jijibu mwenyewe kwamba ni uchoyo.

Nikaenda na kikapu na jembe. Nyumba ilikuwa imebomolewa, umebaki uzio wa minyaa na miti ya zizi iliyoanza kuoza. Nikalichimba lile jaa. Vigae, mifupa ya kuku, majivu yaliyogandamana. Nikatazama zizini. Loo! Samadi ya miaka na miaka, nyeusi, laini, imechambuka kama kahawa iliyosagwa. Mate yalinitoka kama naona pilau.

Nikasema moyoni, bibi huyu! Ng'ombe hana, kaya kaihama, anamwekea nani? Nikapita kati ya miti nikaingia.

Katikati palikuwa na jiwe bapa. Nikadhani ni la kulambishia ng'ombe magadi. Nikalibingirisha mpaka pembeni kwenye minyaa, nikaanza kuchimba pale pale lilipokuwa, maana udongo wa chini yake ulikuwa mlaini kuliko kwingine. Nilijisifu kwa akili zangu! Nikarudi kesho yake, na keshokutwa, na siku nyingine nyingi, kila nikipata nafasi, mpaka pakawa na shimo la kunifika magotini.

Na bustani ikaitika. Nililivunja lile tofali kwa sururu, nikasubiri mvua ya kwanza ikauke kidogo, nikachanganya kila kitu, nikainua matuta. Mfinyanzi ule mkaidi ukawa unavunjika vidoleni. Mchicha ukatoka majani kama masikio ya mbuzi. Bamia, kunde, nyanya! Watu wa safu ya nyuma walikuja kuchungulia.

Chungu cha kwanza cha mboga nilimpelekea Mayu Kabula. Tukala wote kwa ugali wa mtama, tumekaa kizingitini kwake. Akamung'unya, akafumba macho.

"Jaa langu bado lina nguvu," akasema.

"Lina nguvu, mayu," nikajibu. "Jaa lako hilo."

Nilimtazama usoni nikasema hivyo, huku ananiongezea ugali.

Baada ya mavuno alipika pombe kidogo ya mtama. Mimi ni Mwislamu, sikujua pombe ile ina shughuli gani, nikamtania, "Mayu, unataka kulewa na nani?" Akasema anakwenda kwenye kaya ya zamani kumsalimia mzee wake.

"Mzee yupi? Si alifariki Kabula akiwa mdogo?"

"Alifariki. Yuko zizini." Akanitazama kama ananieleza jambo ambalo hata mtoto analijua. "Mwenye kaya atalala wapi, mwanangu, kama si na ng'ombe wake? Tulimwekea na jiwe."

Kwetu Gongoni maiti anapelekwa makaburini. Nani angeniambia kwamba mtu anazikwa zizini? Hivyo ndivyo nilivyojitetea kichwani, haraka haraka, huku bibi anafunga kibuyu chake cha pombe. Lakini niliambiwa nisiingie! Sikuambiwa sababu, nililoambiwa lilitosha.

Na nilikuwa na nafasi, jamani. Alikuwa amesimama mbele yangu. Ningemshika mkono nikasema, mayu, kaa kwanza, nimefanya jambo. Ningepiga magoti. Nilichosema ni, "Haya mayu, uende salama."

Akaenda. Nikakaa kizingitini kwangu nikitazama njia. Mchana akarudi, anatembea taratibu, kibuyu bado kizito. Hakuingia kwake. Alivuka njia, akanipita mimi nilipokaa, akaenda uani kwenye tuta la nyanya. Akainama, akachukua udongo kidogo, akausugua vidoleni, akaunusa. Akaurudisha chini polepole kwa viganja viwili, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akaenda zake.

Asubuhi kaa la moto halikuja.

Nikavuka mimi. Mlango umefungwa, ndani anakohoa. Nikaamkia shikamoo, nikasikia kimya. Mtu kukosa marahaba ya mkubwa wake, mnajua maana yake!

Nilikaa na hali hiyo mpaka nikashindwa. Nikachukua jembe nikafukua matuta yangu, nikajaza kikapu, nikakipeleka mlangoni kwake nikapiga magoti. "Mayu, nisamehe. Sikujua kama ni yeye. Nairudisha samadi yote, nitaibeba mwenyewe mpaka kule."

Alitoka. Akakitazama kikapu muda mrefu. Mle ndani mlikuwa na mfinyanzi, na mchanga wangu wa korongoni, na pumba, na majivu, na ile samadi, vyote vimeshikana vimekuwa kitu kimoja.

"Unanirudishia ipi hapo?" akauliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ya mzee wangu, au ya mbuga?"

Nikaingiza vidole kikapuni.

"Kachambue kwanza," akasema, akaingia ndani.

Nilingoja kijiji kizima kijue. Nilingoja niitwe mbele ya watu, nitozwe faini, nitukanwe. Wallahi nilitamani nitukanwe! Wapi. Watu waliniamkia kama kawaida, wakaniomba mbegu za bamia. Yeye akinikuta kisimani anashika ndoo yake anasubiri nimalize, macho yake yako kwenye maji. Baadaye Kabula akaja kumchukua wakaishi Nzega. Walipita mbele ya nyumba yangu asubuhi, mimi nimesimama na khanga yangu mdomoni. Kabula alinipungia mkono. Mama yake alikuwa anatazama mbele.

Upweke nilioujua kabla yake haukuwa upweke. Ule nilikuwa sijui ninachokosa. Sasa nilijua. Mboga zikastawi mwaka hata mwaka, nikawa napika chungu kile kile cha watu wawili kwa mazoea, nusu naimwaga. Honi ya lori nayo ikaanza kuchelewa, ikachelewa zaidi, mwisho nikasikia mume wangu ana nyumba nyingine Shinyanga. Nililia, sikatai. Lakini niliyemlilia siku ile hakuwa yeye.

Miaka ikapita. Siku moja gari likasimama mbele ya nyumba yangu, akashuka Kabula amejifunga khanga kiunoni, macho mekundu. Mama yake alikuwa mle garini, amefunikwa.

"Aliomba tumlaze kule kwenye kaya, jirani na baba," akaniambia. "Mimi nilikuwa mdogo baba alipozikwa, na wazee waliokuwepo wametawanyika. Mama akasema, kamuulizeni jirani yangu wa ng'ambo ya njia. Yeye anapajua kuliko mtu yeyote. Akasema tusilifuate jiwe."

Tukaenda. Nyasi zilikuwa zimelimeza zizi lote. Wanaume waliotangulia, wasiolisikia neno la bibi, walikuwa wameshaanza kupima kutoka kwenye lile jiwe kule kwenye minyaa. Nikawaambia siyo huko. Nikatembea mpaka mahali ardhi ilipobonyea, nikasimama.

"Hapa."

"Una uhakika, mama?" mmoja akaniuliza.

"Nina uhakika."

Kabula akanitazama. "Mama ndiye aliyekuonyesha?"

Hapo tena nilikuwa na nafasi. Maiti iko pale, mwanawe yuko pale, kaburi la mzee liko chini ya miguu yangu. Nikasema, "Ndiyo. Alinionyesha."

Jamani, mimi ni mtu wa namna gani!

Kabula akanishika mikono yote miwili, akaibusu. "Ndiyo maana alikuwa anakutaja," akasema. "Asante kwa kuwa mtu wa mama." Basi ndipo nikaelewa kwamba bibi yule hakumwambia hata mwanawe. Mimi nilimvunjia kaburi la mzee wake, yeye akanifichia aibu yangu mpaka akaingia nayo kaburini.

Wewe unayesoma, sikiliza mwenzako nilivyoungua. Ukihamia kwa watu, ukaambiwa usiingie mahali, usiingie, na kama roho haitulii uliza kwa heshima. Usijijibu mwenyewe. Na ukishakosa, sema siku ile ile, wakati udongo bado haujachanganyika. Mimi nilikuwa nasubiri wakati mzuri wa kusema, na wakati mzuri haukuja mpaka leo ninapoandika.

Kabula, kama gazeti hili litakufikia huko uliko: mama yako hakunionyesha. Nilipajua kwa jembe.