Waliposema Joto, Nikashika Kisu

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Jina nalificha kwa sababu Bwera yetu hapa mpakani ni ndogo, na nyama ile wengi waliila.

Mimi ni msafirishaji, napeleka mizigo kati ya Kasese na mpaka wa Mpondwe. Ng'ombe nimewabeba sana kwenye gari, kuwafuga sijawahi. Hilo sikumwambia Mama Kavira, mjane aliyekimbia vita huko Butembo akiwa na wajukuu na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Aliniomba nimtunzie kwenye kiwanja changu cha Nyakiyumbu chenye nyasi. Nikajigamba kwamba ng'ombe nawajua tangu utotoni. Uongo mtupu!

Siku aliyovuka kurudi Kongo kumchukua mama yake, aliniachia neno moja.

"Hajji, ile ngombe ikipata joto, usikawie hata kidogo."

Nikaitikia. Kwangu mtoto akiwa na joto tunamkimbiza kwa daktari, basi nikajua joto ni homa.

Asubuhi moja mtamba akagoma kula. Analia, anazunguka uzio, ute unamtoka nyuma. Baluku, jirani yangu mfugaji, akachungulia.

"Hajji, hii iko na joto. Fanya haraka."

Nikasema naona. Ningemuuliza joto gani, angejua kwamba sijui kitu. Akaenda zake shambani.

Nikampigia Mama Kavira, simu haipatikani. Mnyama akifa mwenyewe ni mzoga, kwetu Waislamu haliwi. Nikaona bora nimuwahi angali hai. Nikasoma bismillahi, nikachinja kwa mkono wangu huu. Majirani wakanisifu kwa kuwahi, nami nikazipokea sifa. Baluku aliporudi alikuta ngozi imewambwa. Akaitazama, akanitazama mimi, akaondoka bila kuchukua nyama. Nikasema moyoni, huyu naye ana maringo.

Mama Kavira aliporudi nilimweleza kwa kujiamini kabisa.

"Ilikuwa nalia?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Ilikuwa nakataa kula? Na ute kwa nyuma?"

"Yote hayo." Nikafurahi kwamba ananielewa.

Akakaa kwenye kizingiti. "Hajji, ile haikukuwa mugonjwa. Ilikuwa natafuta dume. Nilisha sema na mwenye dume kule Muhokya, alikuwa nangojea tu. Batoto bangekunywa maziwa. Juu ya nini haukuuliza?"

Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama usoni. Mtamba yule ndiye aliyekuwa mwanzo wao mpya huku, nami nimemmaliza akiwa mzima wa afya, kwa sababu nilitaka kuonekana mjuzi.

Nimemwahidi mtamba mwingine. Amekubali, ila huyo atamweka kwa Baluku.

Juzi nilikwenda kuwasalimu. Akanimiminia chai ya rangi, akasema, "Unisamehe, Hajji, maziwa hakuna." Yeye ndiye ananiomba mimi msamaha! Nilikinywa kile kikombe nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nyinyi mnaoachiwa mifugo ya watu, neno msilolijua liulizeni, hata kama watawacheka mbele ya watoto wenu. Mimi kuchekwa kule ningekuwa nimeshakusahau.