Nakiru, Mkaanga Buni wa Kanamkemer

Nakiru alizaliwa Nakalale, kwenye boma la mbuzi na ngamia, na hadi alipokuwa msichana mkubwa hakuwa amewahi kuionja kahawa. Ukame ulipomaliza mifugo ya baba yake, alihamia Kakuma, akawa anachoma makaa na kuyauza katika kambi ya wakimbizi, mlango kwa mlango.

Mteja wake mmoja alikuwa Lelise, mama wa Kioromo aliyekimbia kutoka Ethiopia. Siku moja upepo wa vumbi ulivuma kiasi kwamba mtu hakuweza kufungua macho, na Lelise akamvuta ndani. Akakaanga punje mbichi kwenye kikaango, akazitwanga, akazichemsha kwenye chungu cheusi chenye shingo ndefu. Nakiru alionja, akakunja uso.

"Mama, hii ni dawa ya tumbo?"

Lelise alicheka. "Ni buna, kahawa. Kwetu inajiotea msituni, hakuna aliyeipanda. Ilivuka bahari mpaka Yemeni, Waarabu wakaipenda, na kutoka huko ikaenda dunia nzima. Kunywa pole pole. Kikombe cha tatu ndicho cha baraka."

Vumbi lilitulia, Nakiru bado amekaa. Baada ya hapo, kila alipoleta makaa alibaki mpaka kikombe cha tatu, na mkono wake ukazoea kikaango. Miaka ilipita hivyo. Kisha Lelise akapata nafasi ya kuhamia Kanada. Waliagana kando ya basi, kila mmoja akilia kwa lugha yake, na chungu kikabaki mikononi mwa Nakiru.

Alikibeba hadi Lodwar, akafungua kibanda cha kahawa mtaa wa Kanamkemer. Majirani walimcheka. Kwa joto lile, nani atakunywa kitu cheusi kisicho na maziwa? Miezi ya kwanza alikunywa karibu peke yake. Lakini harufu ya kukaanga haijui ukuta. Walimu walianza kuchungulia, halafu watu wa boda boda, halafu nesi mmoja aitwaye Chelangat, aliyetoka Kipkelion, huko milimani.

"Baba yangu analima kahawa," Chelangat alimwambia. "Nikienda likizo nitakuletea buni."

"Umesema nini?"

"Buni. Kahawa iliyokaushwa na maganda yake."

Nakiru alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Lilikuwa karibu kabisa na la Lelise. Alijiuliza limepita kwa nani na nani hata likafika kwenye milima ya Kenya, likashuka kumkuta yeye jangwani.

Gunia dogo lilifika. Mwezi wa nane, Mzee Josiah, baba yake Chelangat, akaja kumtembelea binti yake, na binti akamleta kibandani.

"Ejok, mzee. Karibu kahawa," Nakiru alimsalimu kwa Kiturkana.

"Nipe chai tu, mama."

"Lakini kahawa yenyewe ni ya shamba lako."

Mzee alitikisa kichwa. "Kahawa ni ya kupeleka kiwandani. Miaka arobaini navuna, na nyumbani kwetu tunakunywa chai. Hii ni ya watu wa ng'ambo."

Nakiru alivuta kinu. Alitwanga buni, akapepeta maganda, akaweka punje motoni mbele yake. Mzee alianza kwa kutazama barabarani. Zilipogeuka rangi alisogeza kiti. Alipopewa kikombe alikishika kwa mikono yote miwili, mikono iliyokakamaa kwa kupogoa na kuchuma, akanywa bila sukari.

Akakishusha kikombe kitupu magotini.

"Mama yako," akamwambia Chelangat, "alichuma hii mpaka mgongo ukapinda. Amekufa hajaionja."

Chelangat aliinamisha kichwa. Nakiru aliinua chungu. Alimwongezea mzee kikombe, kisha akaketi karibu naye, na wateja wengine wakangoja.

Desemba Chelangat alirudi kutoka likizo akicheka. Baba yake alikuwa amezuia gunia moja lisiende kiwandani. Jumapili baada ya kanisa aliwaita majirani, wakulima wenzake, awakaangie.

"Iliungua yote, mama! Ilikuwa chungu kama majivu. Na walikunywa, kila mtu akamaliza kikombe. Sasa anauliza anakosea wapi."

Nakiru alijifuta mikono kwenye leso.

"Mpigie simu," alisema. "Nimweleze mwenyewe."