Gozbert na Cheti cha Seva

Gozbert nilimwona mtu wa kawaida tu. Fundi wa kompyuta wa Rwamishenye, anatunza seva ya barua pepe ya kikundi chetu cha wakulima wa kahawa Kanazi, suruali imepauka, senene wa kukaanga mfukoni. Mimi ndiye mwenyekiti, na alikuwa amenichosha na maonyo yake kuhusu barua tunazotuma ovyo.

Kwetu msiba ni wa wote. Usipompa mtu taarifa, kinyongo chake utakufa nacho. Basi mwanachama akifariki, tulikuwa tunatuma tanzia na picha ya marehemu kwa kila anwani iliyomo kwenye seva, wanunuzi wa Ulaya wakiwemo. Huko wakatuona wasumbufu. Seva zao zikaanza kutupa barua zetu zote kwenye takataka, hata za biashara. Mnunuzi wetu mkubwa hakuona hata moja, na kahawa ikakaa ghalani msimu mzima.

Gozbert akaleta habari ya kampuni inayokagua seva na kuithibitisha kwa malipo, ili barua zake zipokelewe.

"Waitu, hata tapeli ana hela," nikamwambia. "Si atalipa na yeye?"

"Atalipa, mama. Lakini akilalamikiwa anafutiwa cheti, na alicholipa kimekwenda. Atalipa mpaka achoke. Na sisi vilevile. Tanzia moja kwa watu wasioiomba, tumekwisha."

Tukachanga, cheti kikatoka. Wiki ileile mnunuzi akajibu, akataka sampuli. Nilikaa mbele ya ile seva, haizidi redio kwa ukubwa, nikaistaajabia kama mtoto.

Sampuli zikiwa njiani, mama yake Gozbert akafariki huko Ijumbi, Muleba. Wanachama wakaja ofisini na picha ya marehemu, wakamwambia atume kwa wote. Nami nikadakia kwa sauti: mama yako si tangazo la dawa za nguvu za kiume, nani atakulalamikia?

Alitutazama, macho mekundu. "Mama ni wangu," akasema. "Kahawa ni yenu."

Akaichukua simu yake, akawapigia ndugu mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka. Wengine aliwafuata kwao akawagongea milango. Waliochelewa kupata habari walimsema vibaya palepale matangani, naye akainamisha kichwa, hakujitetea. Nilimtazama nikaogopa. Sikujua kama tunaishi na mtu wa namna hiyo. Mimi nisingeweza, nasema kweli.

Tulimzika mama kibanjani kwake, kwenye migomba yake. Tuliporudi ofisini tukakuta barua ya mnunuzi: sampuli amezipenda, anachukua kahawa yote, ila mbona tumekuwa kimya, kuna tatizo?

Gozbert akaandika nikimwona: "Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa namzika mama yangu."

Hiyo ndiyo tanzia pekee ya yule bibi iliyopita kwenye seva yetu. Ilikwenda kwa mtu mmoja, aliyeuliza.