Diski Iliyosubiri Masinia

Diski yenyewe ilikaa kwenye kabati la vyombo la shangazi, nyuma ya birika la wageni, ndani ya mfuko wa plastiki ulioanza kunata kwa miaka. Juu yake mtu alikuwa ameandika neno moja kwa wino mzito, HARUSI, na mbele ya neno hilo akachora mshale unaoelekea ukingoni. Nilidhani kalamu ilimteleza.

Nilikuwa nimerudi Tabora mapema kuliko ndugu wengine kwa ajili ya harusi ya kitinda mimba wa shangazi. Nilimkuta shangazi uani kwake, mtaa wa Chemchem, ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na mbele yake beseni la ukindu ulioloweshwa. Ukindu ulikuwa tayari, umetiwa rangi nyeusi na nyekundu, lakini kawa hata moja haikuwa imekamilika. Hilo lilinishangaza. Shangazi ni mtu wa kumaliza kazi kabla hajaulizwa.

Katika nyumba yetu, chakula kinachopelekwa kwa wakwe hufunikwa kwa kawa zilizosukwa humohumo ndani, zenye umbo la paa la msonge. Za dukani hazikubaliki. Bibi yangu, mama yake shangazi, ndiye aliyesuka za harusi zote mpaka alipofariki, na pindo lake lilijulikana mtaani. Lilikuwa na alama nyeusi na nyekundu zinazofuatana kuzunguka ukingo, na yeye akiziita nyayo za wapagazi. Watu waliokwenda pwani na kurudi kwa miguu, alisema, walistahili angalau kukumbukwa kwenye kifuniko cha pilau.

"Mwili nausuka," shangazi aliniambia, akinionyesha kawa isiyo na pindo. "Nyayo nazo nazisuka. Tatizo ni pale zinapozunguka zikakutana. Za kwangu zinakanyagana." Akageuza kazi yake. Kweli, mahali pa maungio nyayo mbili zilipandana kama watu wanaogombea mlango.

"Bibi hakukufundisha?"

"Akifika pale alikuwa anatufukuza. 'Nendeni mkatazame vyungu.' Tukirudi, imekwisha."

Kawa za mwisho za bibi zilikwenda Nzega na masinia ya pilau, siku ya harusi ya binti mkubwa wa shangazi, ambaye sasa anaishi Kahama na mumewe. Hazikurudi, wala masinia hayakurudi. Desturi ni kwamba chombo cha chakula hakirudi kitupu. Wakwe hukaa nacho siku chache, kisha huja nacho kimejaa, na hapo ndipo harusi huhesabiwa imekwisha. Wa Nzega walikaa kimya. Bibi alifariki akiwa bado anauliza.

Nikasema neno la kijinga: "Si uwapigie tu simu, uwaombe?"

Shangazi aliweka ukindu chini. "Chombo hakidaiwi, mwanangu. Anayedai chombo anadai na chakula kilichokuwemo."

"Basi binti yako awaulize wakwe zake."

"Nilimgusia. Akaniambia, 'Mama, usinitie kati.' Na ana haki."

Ikabaki ile diski ya kabatini, ya harusi hiyo ya Nzega. Mpiga video wa siku ile alizipiga kawa kwa karibu, maana bibi alimsimamia. Shangazi alitaka kuona maungio tu, basi. Akishindwa, kitinda mimba wake angepelekewa pilau kwa wakwe chini ya vifuniko vya plastiki, na shangazi alikuwa amekwisha kutamka kwamba siku hiyo yeye angekaa chumbani.

Niliijaribu diski kwenye deki ya jirani, ikasema hakuna diski. Kompyuta yangu ilinguruma kidogo, ikanyamaza. Sokoni yupo dada mwenye kibanda cha kuwahamishia watu nyimbo kwenye simu. Aliichomeka kwenye mashine yake, akanirudishia.

"Hii tupu, dada. Haijawahi kuchomwa."

Nikaigeuza juani. Upande wa chini ulikuwa na rangi mbili: pete ya zambarau iliyokoza kuanzia katikati hadi zaidi ya nusu, halafu pete iliyopauka mpaka ukingoni. Mpaka kati yake ulikuwa mkali kama umekatwa kwa wembe.

"Kama ni tupu, hii rangi imetoka wapi?"

"Labda jua la Tabora," akasema, akacheka, akamhudumia mwingine.

Jibu lile halikuniridhisha. Nikaanza kumtafuta mpiga video. Haikuwa kazi ngumu, maana siku hizi anakodisha viti na maturubai, na yeyote aliyewahi kufiwa au kuozesha anamjua. Nilimkuta akihesabu viti vilivyorudi na miguu iliyopinda. Alipoona mshale alitabasamu kabla hata sijaeleza.

"Hii sikuifunga," alisema.

"Kuifunga vipi?"

Akanieleza bila haraka. Zamani alikuwa na mashine ya mezani inayorekodi moja kwa moja kwenye diski. Ukimaliza, lazima uiamuru ifunge, ndipo iandike mwishoni yale yanayoziwezesha mashine nyingine kuisoma. Usipoifunga, unaweza kuja kuongeza picha siku nyingine, lakini mpaka hapo inasomeka kwenye mashine yake ileile tu. Kwingineko itaonekana tupu.

"Sasa kwa nini hukuifunga?"

"Kamuulize shangazi yako! Mimi kidole kilikuwa kwenye kitufe. Akasema harusi haijaisha, masinia yakirudi kutoka Nzega niyapige, niyaunganishe, ndipo nifunge. Nikabakiza nafasi. Nikachora na mshale nisisahau. Nakala zote zingetoka kwenye hiyo."

"Kwa hiyo hakuna aliyepewa nakala? Hata wakwe?"

"Ningewapa nini, mkanda ambao haujaisha?"

Mashine ilikuwa kwa dada yake, huko Goweko. Alimpa alipoacha kazi, anaitumia kutazamia maigizo. Niliporudi kumweleza shangazi alikuwa ameshachukua baibui kabla sijafika mwisho wa sentensi. Tukaenda watatu, kwa gari la rafiki wa yule fundi wa video lililokuwa linakwenda kuchukua viti.

Nyumba ya dada yake ilinuka tumbaku hata sebuleni. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufumwa, juu yake maua ya plastiki. Kidroo chake kiligoma, fundi akakitoa kwa kisu cha mezani. Akaingiza diski, tukasubiri. Ikazunguka, ikasita, ikazunguka tena. Halafu uani kwetu pakatokea, na turubai la bluu, na watu waliokuwa bado wembamba.

Bibi alipoingia kwenye picha, akiwa ameshika kawa kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake, shangazi aliegemea mbele. Bibi aliizungusha polepole mbele ya kamera. Nyayo zikapita moja baada ya nyingine, zimenyooka, kila moja imeacha nafasi sawa na mwenzake. Nikaona jinsi alivyokunja ukindu mwekundu chini ya mweusi. Zikakaribia maungio. Hapo kiganja chake kikatua, kikafunika, na kawa ikazungushwa upande wa pili. Kati ya vidole kulionekana kitu chekundu, basi.

"Rudisha," alisema shangazi.

Fundi akarudisha. Kiganja kikatua tena.

"Mama, ondoa mkono," shangazi aliiambia televisheni.

Mwenye nyumba alicheka, kisha akaona kwamba shangazi hakuwa anatania, akatuletea chai.

Tuliitazama mpaka ikakatika ghafla, watu wakiwa katikati ya vigelegele. Fundi alikuwa na rimoti mkononi. "Mama, niifunge? Ili mpate nakala."

"Ukifunga, huwezi kuongeza tena?"

"Siwezi."

Nilielewa shangazi alikuwa anaulizwa nini. Kuifunga kulikuwa kukubali kwamba wa Nzega hawaji.

"Funga," alisema. "Nisije nikafa na mkanda wazi."

Siku iliyofuata kompyuta yangu iliisoma bila ubishi. Kazi ikawa kupata diski tupu. Duka la kwanza waliniuliza kama bado zinatengenezwa. Nilizipata karibu na stendi, chini ya rundo la madaftari, na muuzaji akazipangusa vumbi kwa kiwiko. Nilichoma nakala moja baada ya nyingine, kila moja nikiijaribu kwenye deki ya jirani kabla ya kuandika juu yake. Kitinda mimba, bi harusi mwenyewe, alinishangaa.

"Si uitupie tu kwenye kundi la familia?"

"Wakwe hawatupiwi," mama yake akajibu kutoka uani. "Wakwe wanapelekewa mkononi."

Ndivyo nilivyotumwa Nzega. Shangazi alinipa maelekezo mafupi: nipeleke nakala, nisalimie, ninywe nitakachopewa, niondoke. Neno masinia nisilitamke.

Mama mkwe wa binamu yangu alikuwa anaanua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanisalimia upya kwa Kinyamwezi ili ayafurahie majibu yangu yaliyopinda. Tulipokaa nikatoa diski. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama mbele na nyuma.

"Mmeleta," alisema. "Nilishamwambia baba yenu, hawa watu wa mjini wametuona washamba, mkanda wanatazama peke yao."

"Hapana, mama. Ulikuwa haujaisha."

"Haujaisha miaka yote hii? Harusi ilikuwa ya nani, ya mfalme?"

Nikajikuta nacheka. Akanyanyuka, akaenda ndani, na kutoka huko nikasikia mlio wa bati juu ya bati. Alirudi na masinia yamefungwa kwenye shuka, akayaweka miguuni pangu.

"Haya yananitazama kila siku. Ningeyaleta lini? Nikifika kwenu kabla sijaletewa mkanda, si mngesema nimekuja kuudai? Kitu cha harusi hakidaiwi."

Sikuwa nimeruhusiwa kutamka neno masinia, lakini yeye ndiye aliyeyatoa, kwa hiyo nikamweleza yote: diski ilivyoachwa wazi ikisubiri masinia, na masinia yalivyokuwa yanasubiri diski. Alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, akatafuta kigoda kwa mkono, akakaa.

"Kumbe tulikuwa tunaheshimiana!" alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Heshima gani hii ya kunyimana sinia!"

Kawa zilikuwa zimetundikwa ukutani chumbani. Moja ilikuwa imeliwa na panya. Nilitaka kuzishika, akanizuia. "Wewe nenda. Vitakuja vyenyewe, na vitu ndani."

Alikuja kabla ya wiki kwisha, yeye na wake wenzake wawili, masinia yamejaa mchele, karanga na kuku waliofungwa miguu. Vigelegele vilianzia barabarani. Fundi aliitwa, akafika anahema, akakumbuka kwamba diski imeshafungwa, akatoa simu yake mfukoni. "Hii itakuwa diski ya pili," akasema, na wote wakamwambia asitembee mbele ya watu.

Shangazi aliwakaribisha kama inavyopasa, akawasikiliza, akacheka mahali pa kucheka. Lakini niliona mkono wake. Ulikuwa umeshaivuta kawa moja ya bibi mapajani na unazunguka pindo taratibu, kwa ncha za vidole. Wageni walipoinuka kwenda kunawa, akaigeuza. Nikasogea.

Mahali pa maungio palishonwa kitambaa kidogo chekundu. Sote tulikijua tangu utotoni, tukidhani ni pambo tu; hakuna aliyefikiria kwamba kinafunika maungio. Shangazi alikata uzi kwa meno, akakifunua.

Nyayo hazikuwa zimekutana. Zilikuwa zimepandana, moja juu ya nyingine, vilevile kama zake.

Alizitazama kwa muda. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, mpaka nilipomwona uso. Akatazama walipo wageni, akakirudisha kitambaa kama kilivyokuwa na kukibana kwa kidole gumba.

"Nipatie kipande cha kanga nyekundu," alininong'oneza. "Na sindano."

Nikamletea. Akavuta kawa yake isiyokamilika, akaiweka mapajani, akaona bado nimesimama.

"Haya," akasema, "nenda katazame vyungu."