Kemshafti Mbili za Lori la Mdachi

Vijana wa gereji siku hizi wananiambia kemshafti, ile fimbo ya chuma inayofungua valvu, ikiwa nzuri hukaa juu, kichwani mwa injini. Haya, sibishi. Mimi nilizijua zikiwa chini, ubavuni, na hadi leo gari likipiga mshindo wa ghafla barabarani nasisimka mwili mzima.

Ilikuwa Dodoma, Mdachi akikaribia kuondoka ingawa hakuna aliyethubutu kulisema hilo. Vita vilikuwa vimefika Kondoa. Mimi, mhunzi mtoto wa mhunzi, mwenye mke na mtoto, nilitolewa kijijini kwa nguvu nikafanye kazi uani mwa stesheni. Fundi wa magari alikuwa Mwislamu wa mjini, mwenye ndevu nyeupe. Alinifundisha kila kitu, na kila siku alinitania kwa salamu ya kwetu: "Mbukwa, Mgogo! Hili si jembe, usiligonge!"

Kigari cha bwana mkubwa, Mdachi aliyesimamia stesheni, kilikuwa na kemshafti moja, nayo iliinua valvu za moshi tu. Zile za kuingiza mafuta zilivutwa na pumzi ya pistoni yenyewe. Gari la daktari lilikuwa na moja pia, ila iliinua valvu zote, zilizopangwa upande mmoja. Lori ndilo lililokuwa na mbili: ya kushoto kwa kuingiza, ya kulia kwa kutoa moshi. Mbele kila moja ilikuwa na gia yake, na zote ziliendeshwa na gia ndogo ya krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni; gia hiyo huzunguka mara mbili zile kubwa zikizunguka mara moja.

"Hawa ni wake wenza," fundi alisema. "Mume mmoja, kila mke na upande wake. Kosea zamu uone nyumba itakavyowaka."

Asubuhi moja gia zilikuwa chini, tumezitoa kubadilisha ufunguo uliolika, kile kipande cha chuma kinachoshika gia isiteleze. Bwana mkubwa akaja na askari wawili. Lori liondoke na risasi kwenda Kondoa kabla ya alasiri, akasema, la sivyo fundi atakula hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano! Wiki ile ile mpagazi mmoja alichapwa hivyo, akazikwa siku ya tatu. Nilimtazama mzee yule na mgongo wake mwembamba, nikaogopa.

Alipokwenda kuswali adhuhuri aliniachia gia nizisafishe. Nami nikazisafisha, jamani! Kwetu chuma hakitoki mkononi mwa mhunzi kikiwa na mkwaruzo. Baba yangu angenitupia koleo. Nilisugua kwa mchanga na majivu, nikamalizia kwa tupa, mpaka meno yakang'aa.

Fundi akarudi, akainua moja juani. "Mashallah," akasema. Kisha akaigeuza, akaigeuza tena. "Alama zangu ziko wapi?"

Ile mikwaruzo niliyoifuta aliichora mwenyewe kwa msumari, kuonyesha jino gani likutane na lipi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakunifokea. Alizungusha krankshafti taratibu, kidole kwenye valvu, akisikiliza mke mmoja anapofunga na mwenzake anapofungua. Upande wa kushoto akaupata. Wa kulia aliukisia tu, maana askari walikwishasimama mlangoni. Akakaza, akaniambia nipige hendeli ya kuwashia injini. Valvu za moshi zikafunguka kabla moto haujamaliza kazi yake: bomba likalipuka kama bunduki, injini ikazima. Nikapiga tena. Ikalipuka tena.

Bwana mkubwa akatoka. "Nani kaharibu?"

Nilikuwa nimesimama pale pale, majivu mpaka viwikoni.

"Mimi, bwana," fundi akajibu.

Askari walimlaza juu ya pipa, viboko vikaanza. Sikuziba masikio, nilijiambia hiyo ndiyo adhabu yangu, upuuzi mtupu, maana uchungu wote ulikuwa wake. Walipomaliza walimwacha kifudifudi kivulini. Nikamwinamia. Alinong'ona, "Ya kulia. Rudisha nyuma meno mawili."

Nikarudisha, nikapiga hendeli mara moja. Lori likanguruma vizuri kabisa.

Bwana mkubwa alicheka, akanipiga begani mbele ya watu wote. "Kuanzia leo fundi ni wewe. Huyo mzee mtoeni."

Mzee alikuwa ananitazama.

"Ndiyo, bwana," nikasema.