Busu Lililotua Kwenye Shati Langu

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana kule Manga kwa wakwe zangu hata mbuzi nadhani wanajua nilivyoaibika.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na sijawahi kuogopa mjadala. Shemeji yangu Kwamboka, mdogo wa mke wangu ambaye tunaishi naye hapa Nyanchwa, alipata nafasi ya kusomea urubani, baba yao akakataa katakata. "Mwanamke akichanganyikiwa huko juu atasimama wapi?" Kwamboka akalia mpaka nikamwambia, "Panguza machozi, mzee niachie mimi."

Mpango wangu bado naona ulikuwa mzuri. Kuna kipindi cha zamani cha runinga nilichokipenda utotoni, cha watu wanaosafiri kwenye nyota, nahodha wa chombo chao ni mwanamke mweusi, na chini yake wanafanya kazi watu wa kila rangi (mmoja kijani kama jani la mgomba), na hakuna anayemuuliza mwenzake kabila wala kama amepika. Enzi zile, kuonyesha hayo kulitaka moyo! Nikajua mzee akimwona mama yule akitua katikati ya dhoruba atalainika. Basi Jumapili nikaazima projekta, nikafunga mapazia ya sebule yake, nikatundika shuka ukutani.

Sasa, mimi ni Mgusii kamili, naijua ensoni, ile heshima ya mtu na mama mkwe wake: hamshikani mikono, mambo ya mapenzi hayasikiki mkiwa pamoja, hata kicheko kina mipaka. Mama alikuwa amejikalia jikoni kwa amani yake. Ni mimi niliyesema, "Mama naye aje, kipindi ni safi, nimekikariri."

Mzee akatazama mpaka akasogea ukingoni mwa kochi. Dhoruba ikaanza, injini ikazima, nahodha akashika usukani, kisha akageuka, akamvuta yule wa kijani, wakapigana busu refu la kuagana. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba dhoruba ikianza, baba yangu alinituma nje kila mara nikaangalie ng'ombe, na nikirudi nakuta chombo kimeshatua!

"Nyasae one, Mungu wangu!" mama mkwe akalia, akajifunika uso kwa leso. Nikaruka mbele ya shuka kuziba picha, lakini nilikuwa nimevaa shati jeupe, busu likahamia tumboni kwangu, nami kadiri nilivyotanua mikono ndivyo nilivyozidi kulionyesha. Mama akakimbilia jikoni. Nikakanyaga waya, projekta ikaanguka, giza.

"Mwalimu," mzee akasema, "fungua hayo mapazia, halafu uende kwako."

Kwamboka akarudi nasi akilia tena, na hilo liliniuma kuliko aibu yenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyemzibia njia.

Siku chache baadaye mzee akapiga simu. Nikaipokea nimesimama.

"Umevunja ensoni. Utaleta mbuzi."

"Nitaleta, baba."

Akakohoa. "Na yule mama, alitua hiyo ndege?"

"Alitua, baba. Wote walipona."

"Na injini imezima?"

"Imezima kabisa."

"Basi ukikuja na mbuzi, kuja na Kwamboka. Nataka anieleze vile inawezekana."

Kwamboka alimweleza, na leo yuko chuoni. Mimi nimeapa: wakwe sitawaonyesha kitu tena, hata taarifa ya habari, kabla sijakitazama peke yangu hadi mwisho, bila mtu kunituma kwa ng'ombe.