Kifuko cha Lavenda Ndani ya Mto

Simu ya mdogo wangu ilinikuta nashona zipu ya sketi ya shule, na neno lake la kwanza halikuwa shikamoo. Huyo hata akiwa na homa hunisalimia kwanza.

"Dada, mama mkwe wangu amekuta hirizi ndani ya mto wake. Anasema umeishona wewe."

"Hirizi gani tena?"

"Kile kifuko chako cha maua."

Khaa! Niliachia pedali ya cherehani. Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma.

Nina kibanda cha ushonaji hapa Kilosa mjini. Mteja wangu mmoja anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii Mikumi, na huniletea maua makavu ya lavenda, vitu vidogo vya zambarau. Namshonea vifuko vya kuweka kwenye makabati ya wageni, nguo zinukie vizuri na wadudu wasizisogelee. Kitambaa sinunui. Chini ya meza nina kiroba kizima cha vipande vinavyobaki kwenye nguo za watu. Nakata, nashona pande tatu, najaza maua, nafunga mdomo. Basi, ndiyo kazi yenyewe.

Mdogo wangu ameolewa hukohuko Mikumi na anaishi nyumba moja na mama mkwe wake. Alipokuja kunitembelea alikuwa amenuna, analalamika kwamba yule mama hamtazami usoni, chumvi ikizidi ni yeye, ikipungua ni yeye. Nikamshonea vifuko vichache ili kumchangamsha. Nikamwambia, "Weka kwenye sanduku lako la nguo. Vikishanukia humo ndani, hata mama mkwe atalainika." Tukacheka sana. Mimi mdomo wangu hauna breki, wanaonijua wanajua.

Sasa sharti la mama mkwe lilikuwa hili: niende mwenyewe, nikifungue mbele yao. Kikikutwa na kitu, mdogo wangu afungashe, turudi naye Kilosa siku hiyohiyo, ndoa imekwisha.

Maua hayakunitisha. Kilichonitisha kwanza ni kitambaa. Kimoja kati ya vifuko hivyo nilikikata kwenye kipande kilichobaki kwenye gauni nililomshonea huyohuyo mama mkwe kwa harusi ya mdogo wangu, kitenge cha kijani. Nilipenda rangi tu, jamani! Lakini fundi anachukua kipande cha nguo ya mtu, anakijaza majani, anakifunga mdomo, halafu kinakutwa ndani ya mto wa mwenye nguo. Hebu niambie, nani atamwelewa?

La pili lilikuwa baya zaidi. Nilipokuwa navishona vile vifuko, vya mdogo wangu na vya hoteli pamoja, sindano ya cherehani ilivunjika. Ncha yake niliitafuta mezani na sakafuni, nikapitisha na sumaku, sikuiona. Nikajisemea itaonekana siku nikifagia vizuri. Haikuonekana.

Nilipanda basi la Mikumi, lile linalopita kijiji cha Ulaya. Njia nzima nilikuwa naomba moja tu, ile ncha iwe imeingia kwenye kifuko kingine chochote, hata cha mtalii, Mungu anisamehe.

Nilikuta wananisubiri sebuleni. Mama mkwe alikuwa ameketi wima kwenye kiti, shemeji yangu kasimama nyuma yake, mdogo wangu kajibanza kwenye mlango wa jikoni na macho yamevimba.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nikarudia kwa sauti zaidi, huenda hakusikia. Alisikia vizuri sana. Nimeshatukanwa na wateja mpaka nimezoea, lakini kunyimwa marahaba na mtu mzima, mbele ya watu, kuliniuma kuliko matusi yote.

Kifuko kilikuwa sakafuni juu ya gazeti. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba shemeji alikisukumia pale kwa mpini wa ufagio, maana hakuna aliyethubutu kukishika.

"Hiki ni kitambaa cha gauni langu," mama alisema. "Au nakosea?"

"Hukosei, mama."

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna, mama. Ni vipande tu vinavyobaki kwa fundi, mimi..."

"Kifungue."

Nilipiga magoti nikatoa wembe. Mishono ilikuwa midogo, nilikuwa nimejitahidi sana siku ile, nikaifumua mmoja mmoja. Shemeji alirudi nyuma hatua moja. Mdomo ulipoachia, maua yakamwagika na harufu yake ikajaa chumbani. Nikaona ni hayo tu. Nikakitikisa kifuko, niwaonyeshe hakina kitu.

Ile ncha ikaanguka juu ya gazeti, ti!

"Mama yangu!" shemeji alisema. Mdogo wangu akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ni ya cherehani, mama, ilinivunjikia, nimeitafuta, haki ya Mungu nimeitafuta..." Maneno yalinitoka ovyo, hata mimi mwenyewe nisingejiamini. Mama aliinua kiganja, nikanyamaza.

Aliinuka, akainama, akaiokota ile ncha kwa vidole vyake, akaenda nayo dirishani. Akawa anaigeuza na kuigeuza. Huyu mama alikulia Berega, na ushonaji aliufundishwa misheni akiwa msichana. Siku niliyompima gauni alinikosoa pindo mpaka nikalirudia. Pale kwenye magoti nilikumbuka hilo na nikapata tumaini dogo.

"Tundu liko huku kwenye ncha," alisema hatimaye, akimwambia mwanawe. "Sindano ya mkono tundu lake liko nyuma. Na uzi wa kijani umo bado, angalia, ndio huu uliofunga kifuko. Hii imekatikia kazini."

Kisha akanigeukia.

"Marahaba," akasema.

Nililia. Sikuona aibu hata kidogo. Chai ikaletwa, na mama akaniagiza nimshonee kingine kizima. "Ila safari hii utafute sindano yako kwanza," akasema huku akicheka, na hata shemeji akacheka.

Mdogo wangu alinisindikiza barabarani kusubiri basi. Malori ya Zambia yalikuwa yanapita, nikangoja kelele zipungue, kisha nikamuuliza lililonikaa kooni tangu asubuhi. "Wewe, si nilikwambia sandukuni? Kifuko kilifikaje kwenye mto wa mama?"

Aliinama, akawa anasokota ncha ya khanga yake. "Ulisema atalainika."

"Nilikuwa natania!"

"Sawa, dada."

"Sio sawa! Nilikuwa natania, yale ni maua!"

"Nimeelewa, dada. Mbele yao usingeweza kusema vingine." Akanishika mkono, akaubana, uso wake umechangamka jinsi ambavyo sijauona tangu aolewe. "Lakini si umemwona mwenyewe? Amekuitikia. Amecheka. Imefanya kazi."

Basi likasimama, utingo akawa ananihimiza. Nikiwa nimeshakanyaga ngazi mdogo wangu akanisogelea sikioni.

"Hicho kipya cha mama," akaninong'oneza, "usisahau kuweka sindano."

Sijakishona mpaka leo. Mama mkwe akipiga simu kukiulizia namwambia maua yameisha, na mfuko wa maua uko hapa miguuni pangu, umejaa.